Jina la Saba Kwenye Orodha

Zoni ya Tano,
Kambi ya Lakwaya,
Lamwo, Uganda.

Jumapili, 10 Februari 2019

Mpendwa mdogo wangu Oyet,

Pokea salamu za watu wa nyumbani kwenu, wale uliowaacha na wale waliozaliwa ulipokuwa umeshaondoka. U hali gani? Ule mgongo uliokuwa ukikuuma kwa baridi ya Kanada umetulia? Mkeo Abalo na watoto hawajambo? Sisi tunapumua. Mimi nina kikohozi cha vumbi tu. Mwanangu Komakech amerefuka hadi miguu inalala nje ya mkeka. Mama ni mzima wa mwili, na ulimi wake ni mzima kuliko mwili. Macho yake nitayafikia.

Barua hii itakukuta Gulu, hotelini mnakolala leo. Padri Labongo anaondoka mara tu baada ya misa, naye ameniahidi kuitia mkononi mwako mwenyewe. Tafadhali isome kabla hujapanda gari kesho asubuhi, na uisome ukiwa peke yako. Ukishafika hapa na miwani yako na fulana ya wageni, hatutakuwa na nafasi ya kunong'onezana.

Utajiuliza kwa nini sikukutumia ujumbe wa sauti kama siku zote. Simu yangu inachajiwa dukani kwa Ociti kinyozi, na Ociti akishaichomeka hufungulia kila ujumbe kwa sauti kubwa, eti anapima spika. Ule wako wa mwezi uliopita, uliosema, "Dada, mpange Mama awe wa kwanza," ulisikilizwa na watu waliokuwa wakinyolewa, na wanawake waliofuata chumvi, na mlevi mmoja aliyeamka usingizini kuusikiliza. Mimi niliusikia nikiwa wa mwisho. Sikulaumu sana, lakini kidogo nakulaumu.

Wewe uliondoka ukiwa na miaka kumi na mitatu, huijui kambi kwa akili ya mtu mzima. Kwa hiyo nivumilie nikueleze.

Wewe na madaktari wenu wa macho mliposema mnakuja na vioo arobaini vya kupandikiza ndani ya jicho, si zaidi, kituo cha afya kilinipa mimi kazi ya kuandika majina kwa sababu ndimi mhudumu wa kujitolea wa zoni hii. Nikachukua kipaza sauti nikazunguka. "Mwenye mtoto wa jicho aje aandikwe! Mwenye macho yaliyofunga ukungu aje!" Siku mbili, Oyet, nikapata watu mia tatu na kumi na wawili. Hapa hatuulizi orodha ni ya nini. Orodha ni mafuta, ni sabuni, ni blanketi. Mwaka juzi wapo waliokataa kuandikwa wakidhani ni ya chanjo, kumbe ilikuwa ya maturubai, na mvua ikawafundisha adabu. Tangu hapo mtu akiona kalamu anapanga foleni.

Mzee Ochan, jirani yetu, ambaye humtambua mwizi wa kuku akiwa ng'ambo ya bonde, naye alikuja ameshika fimbo na kupapasa ukuta. Nikamnyooshea vidole.

"Vingapi, mzee?"

"Vitatu."

"Basi macho yako mazima. Nenda nyumbani."

"Vidole vitatu nimeviona, Lanyero. Ambacho sijakiona ni mafuta ya mwezi huu. Andika!"

Tukacheka wote. Laiti tungeishia kwenye kucheka.

Tabibu wetu Odoch alikaa na tochi yake siku nne akimulika jicho moja moja, akapata arobaini waliostahili kweli. Mama alikuwa jina la saba. Nataka uamini hivyo, maana wapo wasioamini: sikumsukuma. Macho yote mawili yamefunga. Ugali huula kwa kupapasa, na mwezi wa kumi na mbili alitia mkono kwenye moto akitafuta kifuniko. Hakukwambia kwenye simu, na alinikataza nisikwambie. Sasa nimekwambia.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Ng'ambo ya kijito wanaishi wakimbizi wenzetu, Wanuer. Siku ya kutangaza nilifika ukingoni saa nane mchana, jua linawaka, betri za kipaza sauti zimekwisha. Nikasimama pale nikajiambia, habari huvuka yenyewe. Nikarudi nyumbani nikanywa maji. Ni hilo tu nililofanya, na ndilo linalonikosesha usingizi. Habari ilivuka kweli, lakini ilivuka siku iliyofuata baada ya Odoch kumaliza, orodha ikiwa imeshajaa na kugongwa muhuri.

Siku hiyo alikuja mwanamke anayeitwa Nyaluak na binti yake wa miaka sita, Nyamal. Mboni za yule mtoto ni nyeupe kama maziwa. Hatembei bila kushika nguo ya mama yake. Odoch alimmulika, akazima tochi, akanivuta kando.

"Lanyero, huyu angekuwa wa kwanza."

"Orodha imefungwa. Si atangoja mwakani?"

"Mama yako anaweza kungoja mwakani. Jicho la mzee lilishajua kuona, ukiondoa ukungu linakumbuka. La mtoto likikaa gizani wakati wa kujifunza, linaacha kujifunza. Mwakani utamtoa ukungu na bado hataona."

Nilimwandika Nyamal wa arobaini na moja, mtu wa akiba. Nikamwambia mama yake huenda mmoja akaugua, huenda mmoja akaogopa kisu. Kesho yake Nyaluak alikuja hapa uani kwetu asubuhi, akaketi chini karibu na mawe ya jiko, mtoto mapajani. Hakusema neno. Hakuomba maji. Alikaa mpaka jioni akaenda. Kesho yake tena. Siku tatu, Oyet! Mtu akikutukana utamjibu, lakini huyu ungemjibu nini?

Mama alikuwa akigeuza shingo kufuata pumzi.

"Nani amekaa hapo?"

"Mgonjwa, Mama. Anangoja dawa."

"Tangu lini dawa zinagawiwa jikoni kwangu?"

Wakati huohuo ule ujumbe wako ulikuwa ukizunguka. Kisimani nilipofika, mmoja wa wanawake akasema huku akiangalia ndoo yake, "Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama." Alhamisi mtu alirusha jiwe juu ya bati letu. Ijumaa karatasi yenye alama za dole gumba zaidi ya sitini ilifika ofisi ya kambi, ikisema orodha ya macho ni ya ukoo wa mgeni. Afisa akaitisha mkutano jana Jumamosi, akasimama mbele yetu akasema, "Nikisikia ugomvi mmoja tu juu ya orodha hii, nawaambia wageni wageuze magari. Asitibiwe hata mmoja." Nilitazama wale thelathini na tisa walioletwa wameshikwa mikono; Mama pekee nilimwacha nyumbani.

Wakauliza hadharani, "Ndugu wa mgeni ni namba ngapi?"

Nikasimama. Nikasema ni wa saba, ni mama yangu, na kwa macho anastahili. Watu wakaguna. Nyaluak alikuwa nyuma kabisa, amesimama, mtoto ameshika nguo yake. Basi nikaomba kalamu. Nikalikata jina la Mama, juu yake nikaandika Nyamal. Hakuna aliyepiga makofi. Nyaluak ndiye aliyesema, kwa Kiarabu chetu cha Juba, "Na mama yako?"

Nikamjibu, "Mama anajua. Ametoa nafasi yake mwenyewe."

Nilidanganya. Mama hakujua lolote. Mama jana asubuhi alinyolewa nywele kwa ajili ya Jumanne, siku ya upasuaji, na alimwambia aliyemnyoa, "Miaka ishirini na miwili nimemngoja mwanangu. Sikumngoja ili nije nimpapase kama muhogo sokoni." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikisikia, na dakika chache baadaye nikaenda mkutanoni kumfuta.

Sasa ninapoandika, ni asubuhi, na Mama yuko hatua mbili kutoka hapa, anachambua ufuta kwa vidole. Nimemzuia asiende kanisani kwa uongo mwingine, kwamba njia imechimbwa mtaro. Huko kanisani kila mtu angemshika mkono na kumsifu kwa jambo asilolijua. Na Nyaluak ameniletea salamu kwamba misa ikitoka atakuja kumshukuru Mama mwenyewe, kwa mdomo wake. Ngoma ya misa imeshalia mara moja; ya pili ndiyo ya kutoka. Sijui nitaanzia wapi.

"Kalamu yako inakwaruza kama panya," Mama amesema hivi punde. "Unaandika nini Jumapili?"

"Ripoti ya kituo, Mama."

"Ripoti haivuti kamasi hivyo."

Nakuomba jambo moja kabla sijasahau, nalo usinibishie. Usijaribu kumpenyeza Mama. Nakijua kichwa chako, najua utasema dada niachie, tutapata kioo cha arobaini na moja, tutafanya jioni watu wakiwa wameondoka. Hapa hakuna jioni ambayo watu wameondoka. Akionekana na bandeji tu, mwakani hakuna gari litakaloruhusiwa kupita lile geti, na mimi sitaweza kuteka maji kisima kile tena. Ukinikuta kituoni, niite Lanyero kama wenzako watakavyoniita. Usiniite dada. Nikikupa mkono, uupokee kama wa mhudumu. Najua ni vigumu. Mimi nimeanza kujizoeza kwa kusema jina lako bila kutabasamu, na bado sijaweza.

Na nilitaka kukuomba umwambie wewe. Hili ndilo hasa lililonifanya nianze kuandika. Nilitaka nikuombe ukifika umwambie kwamba vioo vimepungua, kwamba daktari wenu amekataa, uongo wowote wa Kanada, maana wako atauamini. Nimeandika mistari minne ya ombi hilo, na hiyo ndiyo uliyoiona imekatwa hapo juu ya ukurasa. Aibu imenishika. Nitamwambia mwenyewe. Naweka kalamu chini sasa.

* * *

Nimerudi. Ngoma ya pili imeshalia. Utanisamehe mwandiko, naandika mbiombio.

Sikuwahi. Wanuer wana kanisa lao upande wa pili, na kumbe leo walisali mapema. Nilipoinuka tu Nyaluak alikuwa ameshaingia uani, amevaa shuka safi, Nyamal kando yake, kibuyu cha maziwa kichwani. Nilimkimbilia nikataka kumzuia, nikamshika hata bega. Alidhani namkaribisha. Akapiga magoti mbele ya Mama.

"Mama, nimekuja kukushukuru kwa macho uliyompa mwanangu. Umekatwa jina lako ili yeye aandikwe. Sina ng'ombe wa kukuletea, nimeleta maziwa ya kuomba."

Ufuta ulimwagika kutoka kwenye ungo, kidogo tu. Mama aligeuza uso. Hakuugeuzia kwa Nyaluak, aliugeuzia kwangu, pale hasa niliposimama, kana kwamba ananiona. Nilijua ameelewa yote, jana na juzi na mtaro wa uongo. Nilingoja anivue nguo mbele ya mgeni. Ningestahili.

Akasema, "Mlete huyo mtoto."

Akampapasa uso. Paji, nyusi, kope zilizofumbwa, polepole. Nyamal akacheka kwa sababu alitekenywa.

"Ana miaka mingapi?"

"Sita, Mama."

"Usinishukuru bado. Hajaona. Akishaona, mlete hapa aniambie mimi nina sura gani, maana hawa wangu wananisifu kwa kuniogopa." Halafu akayapokea maziwa kwa mikono miwili, akanywa yote mbele ya mgeni, na akamwombea mtoto. Nyaluak akaondoka akilia, akiamini kila nilichosema jana. Mama amenifichia uongo wangu, Oyet. Ameuvaa kama nguo yake.

Tulipobaki wawili, nilipiga magoti palepale alipotoka Nyaluak.

"Mama, nilitaka kukwambia..."

"Nyamaza."

Akatafuta ungo kwa mkono, akauvuta karibu.

"Hukuvuka kijito?"

"Sikuvuka, Mama."

"Kwa nini?"

"Jua lilikuwa kali. Betri zilikwisha."

"Kosa lako," akasema, "macho yangu."

Akaendelea kuchambua ufuta. Kisha akaniuliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi.

"Ungeniuliza, ungedhani ningekataa?"

"Ndiyo, Mama."

"Ningekataa," akasema. "Ningekataa siku nzima, halafu usiku ningekubali. Hiyo siku nzima ya kukataa ilikuwa yangu, na wewe umeniibia."

Nimelia, mdogo wangu. Nimelia kama mtoto aliyechapwa, na yeye hakunibembeleza, na nimeona ni haki.

Padri ameshatoka kanisani, nasikia wanafunga mlango wa gari, kwa hiyo nakimbiza haya ya mwisho. Salimia Abalo, mwambie zile picha za watoto Mama huzilalia chini ya mto ingawa hazioni. Msalimie mjomba Ocira mkizungumza kwa simu, na yule binti wa marehemu shangazi Akongo aliye huko Toronto. Mwambie tumesikia amejifungua salama. Mzee Ochan anakusalimu, na anauliza kama mmeleta miwani ya kusomea, ingawa hajui kusoma. Mungu aliyekuvusha mito yote ile ukiwa mtoto akuvushe na huu mwendo mdogo wa kesho.

Na hii ndiyo amri ya Mama. Ijumaa mkishamaliza kazi, utaomba ruhusa uje nyumbani kwa miguu, mchana kweupe, watu wakuone. Usiingie uani. Yai litakuwa limewekwa njiani, mbichi, pamoja na tawi la opobo, mti wetu wa utakaso, na yai hilo utalikanyaga kwa mguu wa kulia ndipo uvuke, maana umekaa kwa watu muda mrefu na hatujui umetembea na nini. Kabla ya yai, hatakujibu hata ukimwita. Mimi nitakuwa nimekaa ubavuni mwake, na ameniagiza nimweleze kila kitu: umenenepa au umekonda, una mvi au huna, unatembea kama baba au kama wajomba, kovu la nyusi lipo au limefutika. "Na usinipambie," amesema. "Kama ni mbaya wa sura, useme ni mbaya." Nimemwapia.

Basi nakuomba, ukifika pale mbele ya yai, usiharakishe kulikanyaga. Vua kofia, vua miwani, simama kidogo ututazame. Nipe muda nikuone vizuri, Oyet, kwa sababu siku hiyo nitakuwa naangalia kwa ajili ya wawili.

Ni mimi, dada yako nikupendaye tangu nilipokubeba mgongoni,

Lanyero